Darasa la chuo limejaa, jingine lina kizuizi: mwanafunzi wa sekondari anaingiaje? (California)

MamaNeema

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za huko. Naomba msaada wa wanaoujua usajili wa vyuo vya jamii hapa California. Binti yangu anaingia darasa la 11 na anataka kuchukua kozi mbili za chuo muhula wa Agosti huku akiendelea na sekondari: takwimu (STAT C1000) na saikolojia (PSYC C1000). Ombi ameshalituma kupitia CCCApply (mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo hivi), namba ya mwanafunzi anayo.

Siku yake ya kujiandikisha ilipofika, mkondo wa takwimu (yaani darasa moja la kozi hiyo lenye saa na mwalimu wake) tuliokuwa tunautaka ulikuwa umejaa, 35 kwa 35, na kwenye orodha ya kusubiri ameangukia nafasi ya nne. Saikolojia ndiyo imenichanganya zaidi. Mkondo una nafasi 12 wazi, lakini akibonyeza kujiandikisha anaambiwa umewekewa kizuizi.

Je, ile namba ya ruhusa anayotoa mwalimu inafungua yote mawili? Aiombe lini, kwa nani? Na kwa nini watoto wa sekondari wanafunguliwa usajili mwishoni, watu wote wakishapita? Tupo kaunti ya San Diego kama hilo lina maana.

---

KaraniWaUsajili

Marahaba, mama Neema. Nianze na swali lako la mwisho, maana hayo mengine yanatoka hapo. Sheria ya elimu ya California, kifungu cha 76001, inavitaka vyuo viwape wanafunzi wa sekondari kipaumbele cha chini kwenye usajili ili wasichukue nafasi za wanafunzi wa kawaida wa chuo. Si chuo chenu kinachowaonea. Ndiyo maana ukifika dirishani unakuta mikondo ya asubuhi na ya mtandaoni imeshaisha. Panga tangu mwanzo ukijua hivyo: kila kozi iwe na mikondo mitatu ya akiba iliyoandikwa kwenye karatasi, pamoja na namba zake.

Sasa, mfumo ukikataa, watu wengi hukimbilia kwa mwalimu. Kwanza soma umekataa kwa sababu gani, kwa sababu kila kufuli lina mwenye ufunguo wake. Darasa kujaa, au siku ya kwanza kupita: ufunguo ni wa mwalimu. Sharti la kozi ya awali: ofisi ya washauri. Zuio kwenye akaunti (fomu haijafika, deni, utambulisho haujakamilika): ofisi ya udahili. Kuzidi yuniti (kipimo cha uzito wa kozi): udahili au mkuu wa kitengo. Kizuizi cha mkondo, kama hicho cha saikolojia: programu inayoumiliki mkondo huo. Namba ya ruhusa ya mwalimu hufungua kufuli la kwanza tu. Mtoto anaweza kuwa nayo mkononi na bado akakataliwa kwa sababu fomu ya shule haijaingizwa, na namba hiyo ina tarehe ya kuisha.

Kwa takwimu, fanyeni hivi. Kaeni kwenye orodha ya kusubiri, nafasi ya nne si mbaya. Kabla masomo hayajaanza, mtu akijitoa mfumo humvuta aliye wa kwanza kwenye orodha, ama moja kwa moja au kwa kumtumia barua pepe yenye muda mfupi wa kukubali, kutegemea chuo. Hapa ndipo wengi wanapopotezea nafasi: mfumo ukifika kwa mtoto ukakuta ratiba inagongana, au sharti la awali halijasafishwa (chuo hakijathibitisha kwamba amelitimiza), au ameshajiandikisha kwenye mkondo mwingine wa kozi hiyo hiyo, unamruka kimya kimya na kumchukua wa tano. Kwa hiyo kila kitu kiwe safi leo, si siku nafasi itakapopatikana. Na barua pepe ya chuo aifungue kila siku. Ujumbe hauji kwenye ile ya nyumbani.

Sharti la takwimu: vyuo vyetu haviwapi watu mtihani wa kuwapanga kama zamani, vinatumia alama za sekondari (hayo yalikuja na sheria za AB 705 ya 2017 na AB 1705 ya 2022). Shida ni kwamba upangaji huo umetengenezwa kwa kijana aliyekwisha kumaliza darasa la 11. Binti yako ndiyo kwanza analianza, hivyo mfumo unaweza kumwachia nafasi tupu, na nafasi tupu mfumo huisoma kama hana sifa. Apeleke transkripti (orodha ya alama zake) ya sekondari, hata ile isiyo rasmi, kwenye fomu ya kusafisha masharti ya awali. Aifanye wiki hii. Wiki ya kwanza ya masomo foleni ya fomu hizo inakuwa ndefu kuliko muda wa kuongeza kozi.

Kuhusu yuniti: mwanafunzi wa sekondari anayesoma chuoni kwa muda anaruhusiwa hadi 11 kwa muhula. Kozi zenu mbili hazifiki hapo.

Na mwulize mshauri wa sekondari yake leo: kwenye fomu ya ruhusa ameandika kozi gani? Fomu ile, yenye sahihi ya mzazi na pendekezo la mkuu wa shule, katika vyuo vingi hutaja kozi moja moja. Mkiamua kubadili saikolojia kuwa sosholojia, kama haimo kwenye fomu inabidi sahihi zianze upya, na mwezi Julai shule zimefungwa, hakuna wa kusaini. Fomu moja iandikwe kozi nne au tano hata kama atachukua mbili.

---

MwalimuWaTakwimu

Niongezee upande wa anayetoa hizo namba. Siku ya kwanza ya darasa mwalimu anaangalia waliokuja na wasiokuja. Asiyetokea bila taarifa hufutwa, na nafasi yake inakwenda kwa orodha ya kusubiri kwa mpangilio. Darasa la 35 mara nyingi hupoteza watu kadhaa wiki ya kwanza. Kwa hiyo mtoto wa nafasi ya nne aende darasani siku ya kwanza, akae kitini, kama vile ameshaandikishwa. Kama mkondo ni wa mtandaoni asiyeandikishwa hataliona darasa kwenye Canvas (tovuti ya masomo ya chuo), kwa hiyo barua pepe ndiyo kiti chake.

Barua hiyo wengi huiandika vibaya. Wanaandika ukurasa mzima wa jinsi wanavyoipenda kozi, na hawataji ni mkondo upi. Mwalimu mmoja anaweza kuwa na mikondo mitano. Kichwa cha barua kiwe na jina la kozi, namba ya mkondo yenye tarakimu tano, na maneno "naomba kuongezwa". Ndani, mistari minne, kwa Kiingereza lakini kwa mpangilio huu:

*Jina kamili kama lilivyo kwenye mfumo wa chuo. Namba ya mwanafunzi wa chuo (si ya sekondari). Nafasi yangu kwenye orodha ya kusubiri ni ya 4. Sharti la awali limesafishwa na fomu ya sekondari imeshaingizwa; ratiba yangu haigongani.*

Basi. Mstari wa mwisho ndio unaofanya kazi. Ukimpa namba mtoto ambaye fomu yake haijaingia, namba inakwama naye mpaka tarehe inapita na hakuna aliyeitumia. Atume kutoka anwani ya barua pepe ya chuo, asubuhi ya siku moja kabla ya masomo kuanza. Akituma wiki tatu kabla, atajibiwa kwamba namba hazijatolewa, na barua yake itazama chini ya nyingine mia.

Akipewa namba, hajaandikishwa bado. Lazima aingie kwenye akaunti, aiweke, abonyeze kuthibitisha, halafu arudi kwenye ratiba yake aone kozi imekaa. Namba ni ya mtu mmoja, hutumika mara moja. Tarehe ya mwisho ya kuongeza kozi huishia saa tano na dakika 59 usiku, na msisubiri hadi hapo.

Mkondo huo ukishindikana, faida ya namba mpya za kozi ni hii: STAT C1000 ni kozi ile ile kwenye vyuo vyote vya jamii vya California, tangu mpango wa namba za pamoja ulipoanza kutumika vuli ya 2025. PSYC C1000 vilevile. Hapo San Diego vyuo vya City, Mesa na Miramar viko chini ya wilaya moja, hivyo akaunti moja inaona mikondo ya vyote vitatu. Grossmont na Cuyamaca ni wilaya nyingine, Southwestern kule Chula Vista ni nyingine. Huko ataomba upya na fomu ya shule itajazwa upya. Msisahau pia mikondo inayoanza katikati ya muhula, ya wiki nane. Huwa inajaa taratibu, ila kasi yake ni mara mbili: wiki moja ni sura mbili za kitabu, na kwa takwimu hilo si jambo la kuchezea kwa mtoto anayefanya chuo kwa mara ya kwanza.

---

BabaWawili

Hapo kwenye saikolojia hamjafika. Nafasi 12 wazi na kizuizi juu yake, kwa kaunti yenu nakisia ni mkondo wa CCAP. Huo ni mkataba kati ya wilaya ya chuo na wilaya ya sekondari, ulioletwa na sheria ya AB 288, unaotumika tangu 2016. Mwalimu wa chuo anafundisha ndani ya jengo la sekondari fulani, saa za shule, na sheria inaruhusu darasa hilo lifungwe kwa wanafunzi wa mkataba tu. Kama shule ya binti yako haimo, hakuna namba ya ruhusa itakayomwingiza. Hata nafasi zikibaki 30. Angalia safu ya mahali kwenye ratiba: ukiona jina la sekondari badala ya jengo la chuo, achana nao.

Lakini mwulize mshauri kama shule yake mwenyewe ina mkataba wa CCAP. Ikiwa nao, huo mlango ni mzuri kuliko wa kawaida: mtoto anaweza kufika yuniti 15 kwa muhula, kozi zisizozidi nne, na vitabu na ada haviwi juu yenu.

Vizuizi vingine hufunguka. Mikondo ya programu za kuwasaidia wanafunzi, kama Puente au Umoja (ndiyo, neno letu lenyewe, wanalitumia vyuo vingi vya California) hushikiliwa kwa waliojiunga na programu. Unaandika kwa mratibu wake, si kwa mwalimu. Kozi za uuguzi na za mafunzo ya kazi hutaka kudahiliwa kwenye programu kwanza. Michezo ina lake: katika darasa la elimu ya viungo, wanafunzi wa sekondari hawatakiwi kuzidi asilimia 10 ya walioandikishwa. Kwa hiyo darasa la yoga laweza kuwa na nafasi kumi na bado lisimchukue.

Pesa. Ada ya kawaida ni dola 46 kwa yuniti, na kwa wanafunzi wa sekondari wa muda vyuo huwa vinaisamehe. Kinachobaki ni vijitozo: dola 2 za uwakilishi wa wanafunzi, ambazo mtu anaweza kuzikataa, na mahali pengine ada ya afya. Kijitozo kisicholipwa kinageuka zuio, na zuio linaweza kufanya mfumo umruke kwenye orodha ya kusubiri, sawa na yale aliyoyaeleza Karani. Vitabu ni juu yenu nje ya CCAP. Tafuteni mikondo yenye alama ya vitabu bila gharama. Ruzuku ya Pell (msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani) haimhusu kabla hajamaliza sekondari.

Na kwa wenzetu waliofika juzi kutoka kambini, ambao hawajatimiza mwaka California: mtoto wa sekondari anayesoma chuoni kwa muda hatozwi ile ada kubwa ya watu wa nje ya jimbo, chini ya sheria ya AB 2364 ya 2016. Walioachwa nje ni wenye viza za muda, kama ya wanafunzi. Karani wa dirishani asipoijua, mwombeni apandishe swali kwa msimamizi.

---

MamaNeema

Asanteni sana, nimeelewa kuliko miezi miwili ya kupiga simu. Nimeangalia, ni kweli mahali pameandikwa jina la sekondari nyingine. Sasa nimegundua matatizo mawili zaidi. Kwenye CCCApply alijaza kwamba ameshamaliza sekondari, na majina yake yamepinduka: la ukoo limekaa mahali pa jina la kwanza, kama yalivyo kwenye karatasi zetu za kuingilia nchini. Shuleni yako sawa. Afungue akaunti nyingine aanze upya? Nimepiga simu udahili wakaniambia hawawezi kuzungumza nami.

---

KaraniWaUsajili

Asifungue! Akaunti ya pili inaleta namba ya pili, fomu ya shule inaingia kwenye moja na usajili kwenye nyingine, na kuziunganisha huchukua wiki. Isitoshe kuna kichujio cha maombi bandia, na maombi mawili yenye tarehe moja ya kuzaliwa na majina yaliyopinduka ndiyo hasa kinachoyatafuta. Watoto waliosajiliwa ukimbizini kwa tarehe 1 Januari wanaumia zaidi hapo.

Lile la kwanza ndilo linaloweza kuwa kiini cha yote. Aliyejaza kwamba amemaliza sekondari, chuo kinamwona mwanafunzi wa kawaida: anatozwa dola 46 kwa yuniti na fomu ya mkuu wa shule haina pa kukaa. Aandike kwa udahili, kutoka barua pepe ya chuo, aombe hadhi yake ibadilishwe kuwa mwanafunzi anayesoma sekondari na chuo kwa pamoja, aambatanishe fomu ya shule na transkripti. Katika barua hiyo hiyo aombe majina yapangwe, na aambatanishe nakala ya kitambulisho. Akiyatenganisha, moja litafanyika na jingine litasahauliwa. Akikuta bili imeshatoka, aitaje pia, irekebishwe.

Kukataa kuzungumza nawe ni sheria ya faragha ya Marekani, FERPA. Mtoto akishaanza chuo, haki ya rekodi za chuoni ni yake hata akiwa na miaka 15. Kaa naye pembeni, yeye ndiye apige na ajibu maswali ya utambulisho, au asaini fomu ya kukuruhusu.

---

BabaWawili

Mama Neema, kabla hajaongeza kozi ya pili, jueni tarehe tatu za mkondo wake, ziko kwenye ratiba pembeni ya namba ya mkondo: ya mwisho kuongeza, ya mwisho kuacha bila alama yoyote kwenye transkripti, na ya mwisho kuacha kwa W (alama ya kujitoa inayobaki kwenye transkripti), ambayo hukaa karibu na asilimia 75 ya muhula. Kozi za muda mfupi zina tarehe zake, usitumie za muhula mzima. Kuacha kuhudhuria si kujitoa. Asipobonyeza kujitoa mwenyewe anaweza kupata F, na transkripti ya chuo ni ya kudumu. Akiomba Chuo Kikuu cha California atatakiwa kuorodhesha kila chuo alichosoma. Hizo W na F huhesabiwa tena atakapoomba msaada wa fedha baada ya sekondari, maana vyuo hupima sehemu ya yuniti alizomaliza kati ya alizojaribu.

Upande wa faida: kozi ya chuo ya yuniti 3 inayohamishika huhesabiwa na Chuo Kikuu cha California kama mwaka mzima wa somo hilo la sekondari, na inaingia kwenye hesabu ya pointi za ziada. Ila mshauri athibitishe kwanza sekondari yenu itaipa krediti ngapi za kumalizia shule. Hilo kila wilaya ina kanuni zake, pateni jibu kwa maandishi.

---

MtuWaKent

Kwa wasomaji walioko nje ya California, msinakili haya kama yalivyo. Huku jimbo la Washington tuna programu kama hiyo, Running Start, ya darasa la 11 na 12: karo inalipwa na jimbo, vitabu na vijitozo ni vyenu, na kila robo mwaka fomu ya uthibitisho inasainiwa upya sekondari. Asiyeipeleka hafunguliwi usajili hata darasa likiwa tupu. Ohio ina College Credit Plus, kuanzia darasa la 7, na barua ya kusudio kwa sekondari mwisho wake ni tarehe 1 Aprili kwa mwaka unaofuata. Ukichelewa unahitaji idhini ya mkuu wa shule. Minnesota, programu yao ya PSEO inalipa mpaka vitabu.

Suala la darasa kujaa, ushauri wa Mwalimu unafaa kokote. Orodha ya kusubiri, siku ya kwanza kitini, na ile barua ya mistari minne.

---

MamaNeema

Barua ya hadhi na majina imetumwa leo asubuhi kutoka anwani ya chuo, na mshauri amekubali kuongeza sosholojia na anthropolojia kwenye fomu kabla shule haijafungwa Ijumaa. Mwalimu, swali moja: akiwa bado wa nne Jumatatu ya kwanza na ana kipindi cha sekondari saa hiyo hiyo, amtume mtu amwakilishe?

---

MwalimuWaTakwimu

Hapana, mwakilishi hahesabiwi. Na kama ana kipindi cha sekondari saa hiyo, mkondo huo haumfai hata akipewa namba. Chuo hakiioni ratiba ya sekondari, hivyo mfumo utamruhusu, na wiki ya pili atakuwa anakosa pande zote. Aangalie mikondo ya kuanzia saa kumi jioni au ya mtandaoni isiyo na saa maalumu, ahamie orodha ya kusubiri ya huko leo, maana nafasi ya nne aliyonayo hahami nayo.